Ndugu Mwenye Akaunti

Jumatatu, 3 Machi

Naanza tena kuandika. Niliacha mwaka nilioolewa, labda kwa sababu nilidhani mwenye mume ana mtu wa kumwambia mambo. Leo nimelitoa daftari hili kwenye sanduku la nguo za zamani, nikalikung'uta vumbi. Karatasi ndicho kitu pekee ndani ya nyumba hii ambacho hakina mita.

Jana jioni mume wangu alipiga simu kutoka kambini kwao kazini. Salamu, habari za Mama, mama yake ninayekaa naye hapa, miguu ya Mama inaendeleaje. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua: nani alikoga mara mbili? Nikacheka. Nilidhani ni utani. Akanitajia saa niliyoingia bafuni asubuhi na saa niliyorudi mchana. Joto lilikuwa kali, nikajimwagia maji, basi! Akasema hamkatazi mtu kukoga. Anauliza tu.

Kumbe ndiyo hizi mita mpya. Manispaa walipokuja kung'oa zile za zamani walisema hakuna tena mtu wa kupita mlango kwa mlango kusoma namba. Maji na umeme vitajisoma vyenyewe, bili itaingia kwenye simu. Tulifurahi. Wakauliza akaunti iwe kwa jina la nani. Yeye alikuwa nyumbani likizo, akatoa kitambulisho chake, ikawa yake. Hakuna aliyeona neno. Sasa simu yake ina programu inayomwonyesha kila bomba linalofunguliwa na kila kitu kinachowashwa, tena si kwa mwezi, ni papo kwa papo. Yuko mwendo wa siku nzima kwa basi, na anajua nimenawa mikono.

Meseji za manispaa huanza na "Ndugu Mwenye Akaunti". Nimeamua humu ndani hilo ndilo jina lake.

Jumatano, 5 Machi

Leo ni pasi. Kauliza nilikuwa nakwenda wapi. Sikuwa nakwenda popote. Nilinyoosha gauni la Mama na mashuka mawili. Lakini Mwenye Akaunti hatoki hata kwenda dukani bila kupiga pasi shati, kola kwanza, mikono mwisho. Kwa akili yake pasi ikiwaka mtu anatoka. Nikamwambia ni mashuka. Akasema mashuka hayachukui muda ule.

Najikuta nafikiri kabla ya kugusa swichi. Nikiwasha jiko sasa ataonaje? Nisipowasha ataonaje? Hita ya bafuni siigusi kabisa, hiyo ni yake akija likizo. Mama naye anaiogopa, anasema inanguruma kama mtu aliyekasirishwa, kwa hiyo huchemsha maji kwenye birika la umeme na kujikandia miguu kwa hayo hayo. Tuko wanawake wawili kwenye nyumba ya vyumba vitatu, tunanyata kama wezi mchana kweupe. Na sijaiba kitu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekutana na Fundi Miwani kwenye duka la dawa! Nilikwenda kumnunulia Mama dawa ya kuchua. (Nimeacha redio na feni vikiwaka ili nyumba ionekane ina mtu. Nimefika huku.) Amezeeka, miwani yake mwenyewe imefungwa kwa gundi. Nikamtania, fundi gani huyo. Akasema ndiyo hivyo, hana mkono wa kusaidia. Aliyekuwa anamsagia lenzi ameondoka, na yeye macho hayamruhusu tena kazi ya kusaga ukingo. Wateja wanarudisha miwani, lenzi haishiki kwenye fremu.

Nilimfanyia kazi miaka minne kabla ya ndoa. Nilikuwa najua lenzi imekaa sawa kwa sauti tu, jiwe likizunguka. Akasema: rudi. Asubuhi mpaka alasiri, tujaribu wiki mbili, ukinifaa kiti ni chako.

Nilikataa. Nikasema nyumbani kuna mgonjwa. Akasema nimfikirie, asiye na haraka ni marehemu.

Ukweli ni kwamba Mwenye Akaunti aliniambia zamani, tena mbele ya watu, akicheka: siku atakayopiga simu akaambiwa sipo, nimekwenda kazini, nisihangaike kurudi. Watu wote walicheka naye. Nami nilicheka. Alinitoa kwenye duka lile lile la miwani, nikiwa na vumbi la lenzi kwenye nyusi. Alisema ananipumzisha.

Nimepumzika mpaka nimechoka.

Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi. Mama anajua.

Nilikuwa jikoni nikimweleza sufuria habari za Fundi Miwani, maana siku hizi naongea na sufuria. Nikageuka, Mama kasimama mlangoni na mkongojo wake. Miaka yote hii nimemhesabu Mama kuwa jicho la mwanawe. Kila jioni wanaongea peke yao, anaingia na simu chumbani na kufunga mlango.

Akavuta kiti akakaa. Akaniuliza lenzi ni kitu cha namna gani hata mtu akililie. Nikamweleza. Nikamweleza mpaka jinsi mteja anavyovaa miwani yake ya kwanza, akatoka nje na kusimama kuangalia majani ya mti kama hajawahi kuona mti. Akanisikiliza. Kisha akasema, "Nenda, mwanangu. Mimi nitakuwa wewe."

Sikuelewa. Akasema kama yule anatuona kwa maji na umeme tu, basi yeye atatumia maji na umeme wa watu wawili. Pasi anaiweza akiwa amekaa. Birika analiweza. Bomba la jikoni ni hatua chache tu. "Huyo haoni sura," akasema. "Anaona bili."

Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia nimsogezee kigoda aweke miguu.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya pili kazini. Mikono inakumbuka! Jana niliharibu lenzi moja, leo hata moja sijaharibu. Fundi hakunisifu, alinisogezea tu trei nyingine, na kwake hiyo ni sifa.

Nyumbani Mama amefanya kazi kuliko mimi. Kapiga pasi taulo lile lile mara tatu. Kawasha jiko bila sufuria. Kafungua maji ya kufulia, kafunga, kafungua. Nilipoingia nilimkuta jasho linamtoka, anacheka peke yake, anasema hajawahi kuwa na shughuli nyingi hivi tangu mumewe afariki. Nilichua miguu yake. Imevimba. Nikamwambia apunguze. Akasema nisimfundishe kuwa mimi.

Mwenye Akaunti kapiga jioni. Ameridhika. Leo mmetulia, kasema. Nilibana pua nisicheke, halafu nilipokata simu nikalia. Vyote kwa mpigo. Sijui nilikuwa nalilia nini.

Ijumaa, 14 Machi

Kifupi, nimechoka, ila ni uchovu mtamu. Miguu ya Mama imegoma, hawezi kuamka kila mara kwenda bombani. Amebuni dawa: anafungua bomba la jikoni kidogo sana, uzi mwembamba wa maji unaingia kwenye beseni, analaza taulo chini yake yasipige kelele, anarudi kulala. Maji yanatembea, nyumba ina mtu. Beseni likijaa nakuja kuyafulia maji hayo. Nimempigia makofi.

Jumatatu, 17 Machi

Yametufika.

Jana, Jumapili, alipiga simu kabla hatujamaliza kunywa chai. Sauti ya juu. Manispaa wamemtumia meseji: Ndugu Mwenye Akaunti, mita yako inaonyesha maji yasiyokatika, inashukiwa kuna bomba linalovuja, fundi atafika. Kumbe mashine yao haishtuki kwa maji mengi. Inashtuka kwa maji madogo yasiyopumzika! Mtu hukoga akafunga, hufua akafunga. Kinachotoka polepole kutwa nzima bila kusimama ni ufa. Mama na mimi tulikuwa tunaigiza nyumba yenye mtu, tukaigiza nyumba inayovuja.

Akafoka kuhusu msingi wa nyumba, kuhusu ukuta. Akaamuru nikae nyumbani mpaka fundi aje na nimpigie yeye simu fundi akiwa hapo hapo. Nikamtumia Fundi Miwani ujumbe kwamba leo siji. Siku moja tu ya majaribio, najipa moyo.

Fundi wa manispaa mwenyewe ni mwanamke. Buti, kofia ya kazi, begi mgongoni. Dada wa Mita. Akamwamkia Mama kwa heshima, akafungua kila mfuniko, akapapasa kila ungio la bomba. Pakavu. Akaja jikoni. Beseni pale, taulo ndani ya beseni, uzi wa maji. Mama alikuwa amesahau kuufunga! Akaangalia beseni. Akaniangalia mimi. Akamwangalia Mama, ambaye ghafla alianza kukohoa.

Hakuuliza mengi. Aliuliza tu, nyumba ni ya nani. Mama akasema, "Yangu, marehemu mume wangu aliijenga kwa jina langu." Na akaunti? Ya mwanangu. Dada wa Mita akatikisa kichwa taratibu. Akasema mwenye nyumba ana haki ya kuchukua akaunti wakati wowote, kidole gumba na hati ya nyumba basi, anaweza kufanyiwa hapa hapa na kile kifaa chake. Na ikishahama, aliyekuwa nayo haoni tena kitu. Anapata meseji moja tu kumwarifu.

Nilimwangalia Mama. 

Mama akasema, "Huyo ni mwanangu wa pekee." Akachukua mkongojo wake akaingia chumbani.

Dada wa Mita akaandika kuwa bomba la jikoni halikufungwa vizuri. Akaniachia namba yake. Nilipompigia Mwenye Akaunti kumpa taarifa, alicheka kwa ukali. Bomba halifungwi siku nzima, na wewe uko nyumbani? Akasema haya, tutaona.

Jumanne, 18 Machi

Amezima umeme.

Programu yake ina kitufe. Waliiweka kwa ajili ya watu wanaosafiri, wazime nyumba wakiwa mbali. Asubuhi naingia jikoni, kimya, friji kimya, redio kimya. Majirani wana umeme. Meseji yake ikaingia: nipigie unieleze. Basi nikajua. Siwezi kwenda kazini na nyumba imekufa, siwezi kukaa, siwezi kupiga simu maana nikipiga nitasema chochote anachotaka. Nilizunguka vyumba vitatu kama kuku. Nilichukia kuta. Nilimchukia Mama pia, naliandika hivyo hivyo, nilimchukia kwa lile neno la "wa pekee".

Mchana Mama akampigia mwenyewe. Mlango hakuufunga safari hii. Nikasikia upande wake. Mwanangu, sina maji ya moto ya miguu. Mwanangu, nakwambia miguu. Ndiyo, yupo. Kwani ugomvi wenu unanihusu nini mimi, niko ndani humu humu. Kisha akasikiliza. Alipokata simu uso wake ulikuwa umebadilika. Nikamuuliza kasemaje.

"Kasema nivumilie," Mama akajibu. "Mpaka mke wake apige simu."

Nilimkandia miguu kwa maji baridi. Alikuwa anaangalia ukuta. Akasema, "Niitie yule binti wa mita."

Alhamisi, 20 Machi

Imefanyika jana. Kidole gumba, hati ya nyumba, kifaa kikalia. Dada wa Mita akabonyeza, na friji ikaanza kunguruma jikoni. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Mama hana simu ya kuingiza programu, ana kile kitochi chake. Kwa hiyo imewekwa kwenye yangu. Imefunguka: mstari wa bluu wa maji, mstari mwekundu wa umeme. Nyumba yetu nzima imelala kwenye kiganja.

Nikamuuliza Mama tena: kwa nini. Safari hii alijibu. Akasema, "Baba yake alikuwa akitoka anafunga mlango kwa kufuli, mimi nimo ndani. Kila asubuhi. Mtoto alikuwa anaona. Nilidhani anaona vibaya kama ninavyoona mimi." Akachezea kidole chake gumba kana kwamba kina wino, anakisugua kwenye kanga. "Kumbe alikuwa anajifunza. Yeye tu hana haja ya kufuli."

Nikamshika mkono. Amemfanyia hivyo mtoto wake na anampenda, na hakuna kidole cha kusaini hilo.

Meseji bila shaka imemfikia. Hajapiga. Jana hakupiga, leo hajapiga. Ukimya wake sijawahi kuuzoea, kelele zake ninazijua.

Mama anasema atakuja. Nikamuuliza akija nikiwa kazini, nitajuaje? Mbele yake hataweza kupiga simu. Tukapanga. Hali ikiwa shwari, birika mara moja, chai ya kawaida, nirudi nyumbani. Ikiwa mbaya, birika mara mbili, moja baada ya jingine. Nisirudi, nielekee kwa dada yangu. Nikamwambia na wewe? Akasema yeye ni mama yake, atamfanya nini.

Ijumaa, 21 Machi

Fundi kaniambia kiti ni changu. Kasema akiwa anatafuta bisibisi, hata hakuniangalia. Nimeimba njia nzima!

Lakini kuna jambo lazima niliandike. Leo kazini nimeifungua ile programu mara nyingi. Mstari wa maji ulikuwa umelala tangu asubuhi. Nikampigia Mama, mbona hujakoga? Mbona hujachemsha maji ya miguu? Akasita. Akasema, "Na wewe umeanza?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nilitaka kuifuta programu pale pale. Sikuifuta. Nilijiambia ni kwa sababu ya birika.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika kazini, kwenye meza ya jiwe la kusagia, nyuma ya karatasi za vipimo vya macho. Daftari liko nyumbani. Nitazibandika baadaye, kama nitaweza.

Asubuhi yote mistari ilikuwa ya kawaida. Mama kakoga, kidogo, kama kawaida yake. Nikajikataza kuangalia, nikasaga lenzi za bibi mmoja mwenye fremu nzito. Nilipopumzika nikaangalia.

Mstari mwekundu umepanda na kubaki juu. Si birika, birika hupanda na kushuka. Si pasi. Ni hita.

Mama haigusi hita.

Nikampigia. Imeita mpaka ikakatika. Nimepiga tena, imezimwa.

Kisha maji. Mengi, marefu, ya mtu aliyesafiri usiku kucha ndani ya basi na ana haki ya kumaliza tangi. Namwona. Simwoni, lakini namwona: sasa anajipaka sabuni, hafungi bomba, sasa anasuuza. Wiki tatu alikuwa ananiona hivi. Nimemwambia Fundi Miwani kuwa mume wangu yuko nyumbani. Akasema vizuri, msalimie. Nikamwambia hapana, baba, sikiliza. Nikamweleza yote, kwa haraka, ovyo ovyo. Amevua miwani yake ya gundi na kuishika.

Maji yamekatika.

Mwekundu umepanda tena. Mkali, unakatikakatika. Pasi. Kola kwanza, mikono mwisho. Yule hapigi pasi shati la kukaa nyumbani. Na kama anatoka, anakwenda wapi zaidi ya hapa? Duka hili analijua. Ndipo aliponitoa.

Pasi imezimwa. Kila kitu kimelala. Ameshatoka, au amesimama sebuleni anavaa viatu, au anaongea na Mama. Hayo mita haisomi.

Nikiondoka sasa naweza kukutana naye njiani. Nikibaki, atanikuta kwenye kiti hiki. Hakuna pa kwenda ambako hayupo yeye, na Mama yuko kule peke yake na miguu ile. Lenzi ya yule bibi iko nusu kwenye kishikio. Nimewasha jiwe ili mikono iwe na kazi.

Birika limepanda. Limeshuka.

Mara moja. Fundi kasimama mlangoni na ufunguo, anauliza afunge duka? Nimemwambia angoje kidogo, Mama bado hajamaliza.